Acheni Kutuuzia Inchi

Ile video yangu ya TV ya inchi 43 nimeifuta. Kama umeitafuta ukaikosa, haijaibwa, ni mimi niliitoa juzi usiku, na hapa ndipo nitaeleza kwa nini. Ni ndefu kiasi. Kama uko ndani ya mathree na umesimama, iweke usome ukifika keja.

Kwa wale hamkuiona: ni dakika nane hivi, mimi nimekaa kwa kochi la duka fulani tao, nazungusha rimoti na kusema maneno kama "rangi zinapasuka" na "hii ndiyo TV ya gemu, wasee, msitafute ingine". Duka lilinilipa. Sikuwaambia. Juu ya pesa walinipa na TV yenyewe nibebe nyumbani. Padi niliishika dakika tatu tu, nikicheza na kompyuta kwa kiwango cha rahisi, nikaifunga sita bila. Hivyo ndivyo nilivyopima ubora wa TV, kwa kumfunga mtu ambaye hayuko.

Halafu ikaingia meseji ya jamaa wa Kayole. Ana kibanda cha gemu, PS4 mbili, mbao kwa gemu, soo kwa saa. Aliniambia alikuwa na TV mbili ndogo za zamani, akaziuza, akaongeza doo za akiba, akanunua mbili za ile niliyosifu. Wiki ya kwanza watoto walijaa mpaka nje, skrini kubwa mazee, kila mtu anataka kujiona akifunga goli la inchi 43. Wiki ya pili wale wachezaji wazuri, wale wa kuwekeana dau, walihama mmoja mmoja. Walivuka barabara wakaenda kibanda cha jirani ambaye ana monita ya kompyuta ya inchi 24, ya ex-UK, fremu yake imepasuka pembeni na kushikwa na selotepu. Jamaa alidhani ni padi zimechoka. Akanunua padi mpya. Hakuna kitu kilibadilika. Akaita fundi akafungua PS, wakasafisha feni, wakarudisha. Bado. Mwishowe mteja mmoja ndiye alimwambia wazi: "Brathe, hii skrini yako inachelewa."

Hakunitusi. Angenitusi ningemblock nikalala. Aliandika tu, "Wewe ndio unajua hivi vitu, nifanye nini?" Ukweli ni kwamba sikuwa nakijua chochote. Nilikuwa najua kukaa mbele ya kamera.

Na kuna jambo lingine lililoniuma zaidi. Ile TV ya bure tulikuwa nayo kwetu sebuleni, na ndugu yangu mdogo alikuwa ameniambia miezi mitatu mapema. "Mashuti yangu hayaingii kwa kijani siku hizi." Wachezaji wa FIFA mnajua: tangu FIFA 19 unaweza kubonyeza shuti mara ya pili mguu ukigusa mpira, na ukipata ile nukta sawasawa inawaka kijani. Huyu mtoto alikuwa anaipata akiwa anaongea na watu. Ghafla ikawa njano, nyekundu, njano, nyekundu. Nikamwambia ameisha, akubali umri. Ana miaka 16! Akaacha kucheza. Mimi nikaona ni sawa, asome.

Sasa wacha tubonge kuhusu kitu chenyewe.

Ukibonyeza padi, amri inaenda kwa PS, gemu inachora picha, picha inapita kwa waya wa HDMI hadi kwa TV. Wengi tunadhani hapo safari imeisha. Haijaisha. TV ya kisasa ni kompyuta, na hiyo kompyuta haioneshi picha mara ileile inapoipokea. Kwanza inaisafisha, inaongeza makali, inacheza na rangi, inaikuza au kuipunguza ilingane na skrini, na mara nyingi inatunga picha ambazo hazikuwepo ili mwendo uonekane laini. Hiyo ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote kwa mchezaji, na ukifikiria utaona sababu: ili TV itunge picha ya katikati ya A na B, lazima ingoje B ifike kwanza. Kwa hivyo unachokiona ni cha zamani. Kidogo, lakini ni cha zamani.

Zamani kidogo ni ngapi? FIFA, au FC kama wanavyoiita tangu 2023, inakimbia kwa picha 60 kwa sekunde kwenye PS4. Kila picha moja inaishi karibu milisekunde 17. TV ikichelewa milisekunde 100, uko nyuma kwa picha sita. Mlinzi ashavuka, wewe bado unaona anakuja. Na binadamu wengi wakiona kitu huchukua karibu robo sekunde kabla kidole kijibu. Ukiongezewa sehemu ya kumi ya sekunde juu ya hiyo, na mwenzako hajaongezewa, hakuna kipaji kitakachokuokoa. Ukiwa na mwenzako kwa skrini moja mnateseka pamoja, sawa. Lakini ukienda mtandaoni, au ukizoea skrini hiyo halafu uende mashindano penye skrini nzuri, umekwisha mara mbili, kwa sababu mkono wako ushafundishwa muda wa uongo.

Mnauliza mbona wakubwa wetu hawakulalamika. Waliocheza Winning Eleven kwa PS2 walikuwa na zile TV zenye mgongo mkubwa kama friji ndogo. Zile hazikuwa na hii akili ya kusafisha picha. Umeme uliingia, ukapigwa moja kwa moja kwa kioo. Picha ilikuwa mbaya, lakini ilikuwa ya sasa hivi. Kwa hivyo ule mjomba anayekuambia "TV ni TV" hakudanganyi, anakuambia ukweli wa 2004.

Sasa nenda tao. Pita Luthuli Avenue Jumamosi, simama mbele ya duka lolote la TV uhesabu sekunde kabla hujashikwa mkono. Swali la kwanza utakaloulizwa: "Boss, unataka inchi ngapi?" Si unaitumia kufanya nini. Si utakaa umbali gani. Inchi. Kama tunanunua mbao za kujenga. Ukisema ni ya gemu, utaoneshwa ileile aliyooneshwa mtu wa mbele yako aliyesema ni ya mamake kutazama habari, na itakuwa imewashwa kwa ile modi ya rangi kali inayofanya hata nyanya ionekane na ghadhabu. Hiyo modi ya dukani ndiyo mara nyingi ina vitu vyote vya kuchelewesha vikiwa vimewashwa. Kwa hivyo unainunua ikiwa katika hali yake mbaya kuliko zote na unaambiwa hiyo ndiyo nzuri.

Na maneno ya kwa katoni! Hapa nikasirike kidogo.

"Digital." Kenya tulizima matangazo ya analogi mwaka wa 2015, na tangu hapo neno "digital" limebandikwa kwa kila kitu chenye skrini. Kwa TV maana yake ni kwamba ina king'amuzi ndani cha kushika chaneli za bure. Basi. Haisemi chochote juu ya picha, wala gemu.

"HD." Hii ndiyo imekula watu wengi wa inchi 32. Ukiona HD peke yake kwa katoni ya inchi 32, mara nyingi ndani kuna pikseli 1366 kwa 768. Piga hesabu: ni kama milioni moja na elfu hamsini hivi. Full HD ni 1920 kwa 1080, ambayo ni zaidi ya milioni mbili. Umeuziwa nusu. Na uchungu wake ni kwamba hiyo TV inakubali kupokea 1080p, kwa hivyo ukiingia kwa setingi za PS4 inakuandikia 1080p na unafurahi, unawaambia mabeshte una Full HD, kumbe TV inaipokea halafu inaifinya ili itoshee. Na kwa vile 1080 haigawanyiki vizuri kuwa 768, maandishi madogo yanakuwa ukungu. Ile ramani ndogo ya kona ambayo huwa huioni vizuri, ukadhani unahitaji miwani, ndiyo hiyo. Uliza duka swali moja tu: pikseli ngapi kwa ngapi? Akianza hadithi ya "ni HD boss, clear kabisa", shukuru uende.

"1 ms." Hii iko sana kwa monita. Hiyo ni muda pikseli moja inachukua kubadilika rangi, tena kwa kipimo kizuri kuliko vyote walichokipata kiwandani. Haihusiani na muda kutoka padi hadi skrini. Skrini inaweza kuwa na pikseli za haraka sana na bado ikakuonesha picha iliyochelewa. Ni kama mpishi anayekata kitunguu kwa kasi ya ajabu lakini oda yako ameisahau kwa kaunta.

"Hezi 120", "200", "800". Wasee, paneli za TV nyingi sana za bei yetu ni hezi 60. Namba kubwa zenye jina la kupendeza mbele yake, kitu cha "motion" hiki au kile, ni hesabu ya ule utungaji wa picha niliosema. Yaani wamechukua kitu kinachokuchelewesha wakakifanya sababu ya kukuuzia. Neno la kutafuta ni "native", na kama halipo kwa karatasi, chukulia ni 60. Na 60 si aibu! PS4 yako haitoi zaidi ya hapo.

"HDR." TV ya bei ya chini itapokea ishara ya HDR na kukuandikia HDR kwa kona, lakini haina mwanga wa kuionesha. Gemu na filamu nyingi za HDR hulenga mwanga wa niti 1,000 na kwenda juu, na hizi zetu nyingi hazifiki hata nusu. Wakati mwingine picha inakuwa nyeusi kuliko ulivyoanza. Ukiona hivyo, zima HDR kwa PS, usijione mshamba.

Nimemaliza na wauzaji. Sasa wenzangu, na hapa najua kuna watu watanitoa kwa grupu.

Sisi tunaotengeneza video tumegawanyika mara mbili na pande zote zinawaumiza watu. Kuna sisi tuliolipwa kusifu makaratasi. Halafu kuna wale wanaotafsiri orodha za YouTube za Marekani: OLED, HDMI 2.1, 4K kwa hezi 120, la sivyo wewe si mchezaji. Hao wako sahihi kiufundi na hawana maana yoyote kwa kijana wa Umoja mwenye PS4 ya mkono wa pili. HDMI 2.1 ni muhimu ukiwa na PS5 au Xbox Series X na unataka 4K kwa picha 120 kwa sekunde, kwa vile HDMI 2.0 inafika 4K kwa 60 na kuishia hapo. Ni kweli. Lakini gemu zinazofika 120 ni chache, na PS4 ya kawaida mwisho wake ni 1080p. Ukimwambia mtu wa PS4 akope kwa lipa pole pole anunue TV ya HDMI 2.1, umemnunulia barabara ya njia nane apitishe bodaboda moja.

Hata 4K yenyewe. Skrini ya inchi 43 ukiikalia umbali wa mita moja na nusu na macho yako ni mazima, hapo ndipo unaanza kuona tofauti ya 1080p na 4K. Ukirudi nyuma mpaka mita mbili, jicho la kawaida haligundui. Wengi wetu sebule ni ndogo, sawa, lakini kochi bado liko ukutani na TV iko ukuta wa pili. Siwaambii 4K ni mbaya. Siku hizi kwa inchi 43 kwenda juu utapata karibu zote ni 4K hata usipotaka, na 1080p inaingia kwa 4K bila matatizo kwa sababu ni mara mbili kamili kwa kila upande. Ninachosema ni isiwe ndiyo sababu ya kuongeza elfu kumi.

Kwa jamaa wa Kayole nilienda mwenyewe, Jumanne asubuhi kabla wateja hawajafika. Nilibeba laptopu. Hii njia nawapa bure na inafanya kazi hata dukani: unganisha laptopu kwa TV kwa HDMI, weka skrini zote mbili zioneshe kitu kimoja, fungua saa ya kuhesabu inayoonesha milisekunde, halafu chukua simu upige picha inayonasa skrini zote mbili pamoja. Toa namba ya TV kwa namba ya laptopu. Piga picha kumi, kwa sababu moja inaweza kudanganya, halafu tafuta wastani. Haikupi ukweli wa maabara, laptopu yenyewe ina kuchelewa kwake kidogo, lakini inatosha kujua kama uko kwa kumi au kwa mia.

Yake ilikuwa kwa mia. Kwa setingi ilivyokuja nayo, wastani ulikuwa 109. Tukaingia kwa menyu, tukapata modi ya picha imeandikwa "Game", nikamwambia hapo sasa. Tukaiwasha. Rangi zikageuka kuwa za bluu bluu. Tukapima tena: 94. Yaani ile modi ya gemu ilikuwa rangi tu! Modi ya gemu ya kweli inazima usafishaji wote, na kwa TV nzuri inakushusha mpaka karibu milisekunde 10 au 20. Hii ilikuwa lebo. Tukazima kila kitu kwa mkono, kile cha kulainisha mwendo, cha kupunguza chenga, cha makali, mpaka ile ya kuokoa stima. Tukafika 71 tukakwama hapo.

Tukavuka barabara. Jirani alitucheka lakini alituruhusu. Monita yake ya selotepu: wakati mwingine sifuri, wakati mwingine 16. Hakuna aliyesema kitu kwa kama dakika nzima.

Kwa hivyo mnaoniuliza kila siku "ninunue gani", na mnataka jina la kampuni, sitawapa. Modeli hubadilika kila mwaka, na jina moja linaweza kuwa na TV safi ya elfu sitini na takataka ya elfu kumi na tano. RTINGS wanapima kuchelewa kwa TV na wananunua TV zao wenyewe, kwa hivyo kama unayoitaka iko kwao, soma namba yao kabla hujasoma yangu. Ila TV nyingi za bei ya chini tunazouziwa hapa hutazikuta pale, na ndiyo maana nasema bebeni laptopu. Muuzaji akikataa usiunganishe, na TV imewashwa na waya uko, jiulize anaogopa nini. Mimi nimejaribu maduka manne tangu siku hiyo. Mawili yaliniruhusu bila neno. Moja jamaa aliniambia nitaharibu TV. Laptopu iharibu TV kwa HDMI! La nne waliniruhusu na mwenye duka mwenyewe akaja kutazama, akaniuliza hiyo namba ni ya nini, akaandika kwa simu yake. Huyo nilimpenda.

Kama ni wewe na chumba chako, kitanda kimoja na meza, PS3 au PS4, sahau TV. Nunua monita ya 1080p ya inchi 24, hata ya ex-UK, uijaribu palepale dukani kwa nukta zilizokufa na mistari. Nyingi hazina spika, kwa hivyo chomeka earphone kwa padi ya PS4 na usikize huko, hata majirani watakushukuru. Hakikisha ina tundu la HDMI, si lile la zamani la bluu pekee. Watu watakucheka na inchi zako 24. Wacha wacheke, wakuje wacheze.

Kama ni TV ya nyumba nzima, na mathe anatazama habari saa moja na hamna pesa ya skrini mbili, hapo inchi zina haki yao. Lakini tafuta yenye modi ya gemu iliyopimwa, na ujue TV nyingi zinakumbuka setingi kwa kila tundu la HDMI. PS iwe na tundu lake la gemu, king'amuzi kiwe na lake, na mathe hatawahi kujua ulichofanya. Na kama kwa skrini yako ubao wa magoli umekatwa pembeni, tafuta kwa menyu ya ukubwa wa picha kitu kama "Just Scan" au "Screen Fit". TV ilikuwa inakuza picha na kutupa kingo zake. Hilo si kosa la gemu.

Na hili la stima. Usinunue TV ya elfu thelathini ukaichomeka moja kwa moja ukutani mtaa ambao stima inapotea na kurudi na hasira. Kifaa cha kulinda ni pesa kidogo tu. Nimemaliza hapo, hiyo si mada ya leo.

Kuna mtu ataniambia nimefanya kitu kidogo kiwe kikubwa, ni gemu tu. Mwambie jamaa wa Kayole ni gemu tu. Ile mbao ndiyo rent yake. Wale vijana waliovuka barabara walivuka na chakula chake cha jioni, na aliyewavukisha ni mimi nikiwa nimekaa kwa kochi ambalo si langu. Mtu akichukua ushauri wangu wa viatu akaumia kidole, sawa. Huyu aliuza vifaa vya kazi.

Pesa niliyolipwa na duka nimemtumia yote kwa M-Pesa, na bado haifiki bei ya TV moja kati ya mbili alizonunua. Anajaribu kuziuza kwa watu wa kutazama filamu, na kwa hiyo kazi ni TV nzuri, nasema bila kinyongo, picha yake kweli ni safi. Duka nililirudia nikawaonesha zile namba 109 na 94. Meneja alisema wateja wengi hawajui tofauti. Nikamwambia najua, ndiyo maana nafuta video. Akasema basi tusiandikiane tena, nikasema hapo sawa.

Kuanzia sasa nikilipwa nitasema nimelipwa, sekunde ya kwanza, kabla ya salamu. Na hakuna TV itapita kwa hii ukurasa bila namba ya laptopu iliyopimwa nikiwa nimesimama hapo. Mkiniona nimeanza "rangi zinapasuka" tena bila namba, andikeni 109 tu hapo chini. Nitaelewa.

Ile TV ya sebuleni nayo inaenda kwa shangazi, yeye ni mtu wa filamu za Kinaijeria. Jumamosi nilinunua monita, inchi 24, ina mkwaruzo mmoja kwa kona ya chini. Nikaiweka chumbani kwa ndugu yangu bila kusema kitu, nikachomeka PS. Alikuja akaitazama, akauliza mbona ndogo hivi. Nikamwambia aketi. Shuti la tatu likawaka kijani. La nne pia. Hakuniangalia, alisema tu, "Nilikuambia," akaendelea kucheza.

Nimefungwa saba mbili. Anasema kesho ni mbao kwa gemu.